Kutia lenzi za pawa kwenye miwani ya jua orijino, hatua kwa hatua

Kaskazi ikianza, dukani kwetu mjini Unguja huingia watu na miwani ya jua waliyoletewa na jamaa kutoka Maskati, Dubai au London. Ni miwani ya gharama, lakini imelala kabatini kwa sababu mwenyewe haoni mbali bila namba zake. Karibuni nimemalizana na nahodha wa boti ya wageni kule Nungwi. Alikuja na Aviator ya Ray-Ban, zawadi ya mwanawe. Akiivaa haoni boti iliyo mbele, akivaa ya macho mwanga wa bahari unamchoma. Maswali aliyoniuliza ndiyo huulizwa na wengi, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Kipimo

Kapime macho upya, hata kama karatasi ya zamani unayo. Nenda kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja au kwa mpimaji mwengine unayemwamini, mradi uondoke na karatasi mkononi yenye namba ya kila jicho.

Hatua ya 2: Fremu itapokea pawa?

Si kila fremu ya jua inafaa. Weka rula mbele ya fremu iguse daraja la pua, kisha tazama kutoka juu. Ncha zikirudi nyuma kidogo tu, fremu ni bapa na kazi itakwenda. Kidole kikipita kwa nafasi baina ya rula na ncha, hiyo imepinda kufuata uso, kama miwani ya waendesha baiskeli. Lenzi zake za asili kwa kawaida zina mpindo wa bezi 8 (bezi ni kipimo cha mpindo wa mbele wa lenzi; namba ikiwa kubwa, imepinda zaidi), na lenzi za asiyeona mbali huwa bapa zaidi, bezi 4 au chini yake. Ukiilazimisha lenzi bapa humo, ama itachomoka, ama fremu itanyooka na mikono ipanuke isishike kichwa. Zipo maabara zinazosaga lenzi za bezi 8 na kurekebisha namba kwa sababu ya ule mwinamo. Lakini kwa namba kubwa au astigimatizimu nzito (jicho lisilopinda sawa pande zote), mimi nasema wazi: tafuta fremu nyengine.

Fremu ya asetati, aina ya plastiki, ndiyo naipenda kuliko zote, maana inalainika kwa hewa ya moto na kushika lenzi vizuri. Ya chuma inafunguliwa skrubu, ila hapa kwetu chumvi huzila skrubu, kwa hiyo zikaguliwe kwanza. Feki siziweki kwenye moto, zinapasuka.

Hatua ya 3: Alama ya mboni

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na mteja huambiwa "utazoea". Hutazoea.

Tazama ndani ya mkono wa miwani. Ile ya nahodha imeandikwa 58 na 14: lenzi milimita 58, daraja 14. Kwa hiyo kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyengine ni 72. Mboni zake zimeachana 62. Maana yake kitovu cha kila lenzi, yaani pale pa kutazamia penye namba kamili, lazima kisogezwe milimita 5 kuelekea pua. Fundi akisahau, kwa mtu asiyeona mbali wa namba -5.00 kila jicho linapata prizimu ya 2.5, yaani lenzi inaupinda mwanga upande. Kichwa kinauma, sakafu inaonekana imeinama, na lawama anatupiwa daktari.

Kupima kwa fremu yenye lenzi zake nyeusi haiwezekani, mboni haionekani. Zitoe lenzi, bandika seloteki juu ya tundu tupu, mvalishe mteja, ukae mbele yake macho yenu yawe usawa mmoja. Kabla ya hapo rekebisha mikono na vipedi vya pua, kwa sababu fremu ikishuka baadaye alama zote zimeshuka nayo. Kwa jicho lake la kulia, fumba lako la kulia na umwambie atazame la kushoto, kisha tia nukta kwa kalamu nyembamba. Kwa la kushoto, geuza. Pima kila nukta kutoka katikati ya pua peke yake, usigawe jumla kwa mbili: pua za watu wengi hazikukaa katikati kamili. Pima pia urefu kutoka ukingo wa chini, maana Aviator ina tumbo kubwa na mboni hukaa juu ya katikati. Mwambie asimame, atembee, arudi akae, halafu hakiki nukta. Zikihama, anza tena.

Na kama fremu ni ya duara kabisa, chora mstari mdogo wa ulalo kwenye lenzi kabla ya kuitia. Lenzi ya duara huzunguka ndani ya mfereji, na mwenye astigimatizimu mhimili wake, yaani pembe ya namba yake, unapotea.

Hatua ya 4: Lenzi

Weusi peke yake si kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia UV hufungua mboni na kuingiza mionzi zaidi, na mionzi hiyo ni sababu mojawapo ya kinyama cha jicho. Dai UV400, yaani inayozuia mionzi ya UV hadi nanomita 400. Polikaboneti, plastiki ngumu ya lenzi, inazuia UV yenyewe, na haipasuki ovyo, kwa hiyo mtu wa boti namchagulia hiyo. Namba ikizidi -4.00 kwenye fremu pana, lipia lenzi nyembamba zaidi, ya indeksi 1.67, la sivyo ukingo wa nje utakuwa mnene hadi mkono usikunjike.

Kiza cha lenzi kiwe daraja la 3, linalopitisha mwanga asilimia 8 hadi 18. Daraja la 4 haliruhusiwi kuendeshea gari. Kwa bahari, polaraizi ya kijivu, sina mjadala: inakata mng'ao unaoruka juu ya maji. Ila baadhi ya skrini hufifia ukizitazama nayo, basi nahodha ajaribu kwanza mbele ya vyombo vyake.

Hatua ya 5: Kukata na kutia

Mpe fundi fremu pamoja na lenzi za asili, ndizo kiolezo chake. Zidai zirudi.

Hatua ya 6: Kabla hujalipa salio

Simama mlangoni utazame fremu ya mlango: mistari iwe wima. Funga jicho moja moja. Shuka ngazi. Kama ni polaraizi, izungushe mbele ya simu; kwa skrini nyingi itaonekana kiza wakati fulani. Ukirudi kutoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuifuta, maana ukifuta kavu mchanga unaichora.