Kosa la Kiwandani au Sarafu Iliyoumizwa Mtaani?

Sarafu nyingi zinazotangazwa kuwa makosa adimu ya kiwandani zimepigwa nyundo, zimechomwa au zimebanwa kwenye jiriwa. Andaa kioo cha kukuzia mara 10 na taa ya mezani. Sarafu usiisafishe kwanza. Uchafu nao una ushahidi wake.

Hatua ya 1: Lilitokea lini? Sarafu huanza kama kipande kitupu cha metali, kisha mihuri miwili hukigandamiza kwa pigo zito. Kosa la kweli hutokea kabla ya pigo hilo au papo hapo. La baadaye ni uharibifu, lipendeze lisipendeze.

Hatua ya 2: Tazama metali ilivyosogea. Chukua senti 10 za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu na pembe za ndovu. Tundu lilitobolewa kabla ya sarafu kugongwa. Kwa hiyo likiwa limekaa kombo tangu kiwandani, michoro iliyo jirani hunyumbuka kidogo kuelekea kwenye uwazi, na kingo zake ni laini, zenye rangi ileile ya uso. Tundu lililotobolewa baadaye kwa keekee hukata herufi ghafla, huacha makali upande mmoja na mikwaruzo ya mzunguko ndani. Ukiletewa isiyo na tundu kabisa, usifurahi upesi: zungusha taa pembeni utafute mstari wa kiungo. Huenda tundu limezibwa.

Hatua ya 3: Pengo la ukingoni. Angalia upande wa mkabala. Kipande kilichokatwa vibaya kiwandani mara nyingi huwa na ukingo uliofifia hapo, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilikosa shinikizo. Pengo lililochongwa baadaye kwa tupa, kile chuma cha kusugulia, halina alama hiyo.

Hatua ya 4: Herufi pacha. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Baadhi ya senti za Marekani za 1955 zina tarehe na maandishi pacha upande wenye picha ya Rais Lincoln, maana muhuri wenyewe uliundwa na picha mbili zisizolingana. Kila herufi imeinuka, na ncha zake zimegawanyika. Ukiona ngazi bapa kando ya herufi iliyokonda, muhuri ulitikisika tu wakati wa kugonga. Mimi siongezi hata shilingi.

Hatua ya 5: Picha iliyozama na kugeuka kama kwenye kioo. Kama picha halali ya upande huo bado ipo chini yake, imepondeka, basi sarafu mbili zilibanwa pamoja kwenye jiriwa.

Mstari uliovimba juu ya uso huenda ni ufa wa muhuri. Mkwaruzo huzama.