Mama anaposahau: namna ninavyokaa naye

Usimuulize mgonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, "Unanijua mimi ni nani?" Nilimuuliza Mama hivyo mwaka mzima nikidhani namsaidia, kumbe namtia aibu. Siku hizi najitaja mwenyewe: "Shikamoo Mama, ni mimi, mwanao wa pili." Anaitika marahaba, tunaanza.

Kisha tafuta kile ambacho mikono yake inakijua. Mambo ya jana hupotea mapema. Kazi iliyofanywa miaka mingi hudumu zaidi. Mama alisuka mikeka kule Pemba tangu usichana. Basi naloweka miyaa, yale majani ya kusukia, ilainike, namwanzishia ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, namwekea mapajani. Mara ya kwanza aliushika bila hata kuutazama. Kidole gumba kikakunja, kikabana, kikavuta. Nilipokosea wangu akanipiga kofi dogo mkononi: "Umeruka!" Huyo alikuwa Mama mwenyewe kabisa. Ukili wake ukienda upande, uache. Usiufumue mbele yake.

Akimtafuta mama yake aliyefariki zamani, usimpe msiba upya, maana atalia kama vile ni leo. Muulize, "Alikuwa akikupikia nini?" Akikiogopa kioo, kifunike kwa kanga. Akivurugika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke hospitali. Huenda ni maambukizi, na hayo hutibika.

Wageni wakimzungumzia kana kwamba hayupo, waambie, "Muulizeni mwenyewe." Asubuhi mpe kanga mbili achague. Atazipapasa, atazinusa, atakawia. Msubiri.