Namna ya kuuzoea mji mkubwa ukiwa mgeni, hata kama una siku chache tu

Watu wengi wakifika mji mkubwa cha kwanza ni vivutio, wana orodha ndefu kwenye simu, wanarukia teksi kutoka hiki hadi kile, afu wakirudi ukiwauliza mji wenyewe umekaaje hawajui, wana picha tu. Mimi nasema anza na mji ulivyopangwa. Vivutio vitafuata tu, na utaviona vingi zaidi maana hupotezi muda kuzunguka.

Kabla hujasafiri kaa na ramani nusu saa hivi. Angalia mto au bahari iko upande gani, stesheni kuu iko wapi, na namba za mitaa zinaendaje, na hili la namba ndo watu wanaliruka wakati ndo lenye faida kuliko yote. Chukua Paris. Tangu 1860 mji umegawanywa wilaya 20 zinazoanzia katikati na kujizungusha kwenda nje kama gamba la konokono, na namba ya wilaya unaikuta kwenye tarakimu mbili za mwisho za postikodi. 75001 ni katikati kabisa, 75018 ni kule Montmartre kaskazini, kwa hiyo ukiona tu anwani ya hoteli unajua utalala mbali kiasi gani na katikati ya mji kabla hujalipa. Halafu kwenye barabara zinazotoka mto Seine nyumba zinahesabiwa kuanzia mtoni, namba zikipanda jua unauacha mto nyuma, na hapo hujagusa simu bado!

New York nayo, pale Manhattan, kuna mpango wa 1811 uliochora mitaa kwa mistari iliyonyooka, zile zinazoitwa Street zinakata mashariki kwenda magharibi na Avenue ndo zinaenda kaskazini na kusini. Street 20 hivi ni kama kilomita 1.6, yaani ukiwa mtaa wa 42 unataka kufika wa 59 kwenye kona ya Central Park unatoa tu, zinabaki 17, dakika ishirini hivi kwa miguu bila haraka. Ila ukishuka kusini kabisa kwenye mitaa iliyokuwepo kabla ya ule mpango hesabu hiyo inakufa, pale shika majina.

Na kuna miji ambayo mtaa haukusaidii kitu. Tokyo barabara nyingi hazina majina kabisa, anwani inataja eneo na kitalu, kwa hiyo usiulize mtaa gani, uliza stesheni ipi na mlango namba ngapi. Hilo la mlango lichukue kwa uzito popote penye treni za chini ya ardhi. Stesheni ya Shinjuku ina milango zaidi ya 200, ukitokea upande usio wako unaweza kutembea robo saa nzima kurudi ulipotakiwa kuwa, kwa hiyo soma namba ya mlango ukiwa bado ndani ya treni.

Kitu kingine, ramani ya treni siyo ramani ya mji, hata kidogo. Ile ya London, mtindo wake ulibuniwa na Harry Beck ukachapishwa 1933, alinyoosha mistari ili msomaji aone wapi abadilishe treni, umbali wa kweli akauacha. Inasomeka vizuri sana lakini mgeni anaiamini kupita kiasi. Kutoka stesheni ya Leicester Square hadi ya Covent Garden hazifiki mita 300, na Covent Garden ukikuta foleni ya lifti kuna ngazi 193 za kupanda! Juu ya ardhi ni dakika tano. Ukitaka kwenda stesheni moja au mbili mbele katikati ya mji, fungua kwanza ramani ya kawaida.

Siku ya kwanza mimi naona usiingie jumba la makumbusho lolote, panda kitu kinachopita juu, basi, tramu, feri, ukae dirishani uanze kuunganisha sehemu na sehemu. Istanbul panda feri ya kuvuka Bosphorus utoke Ulaya uingie Asia ukiwa umekaa tu. Tokyo kuna treni ya Yamanote inayozunguka mji stesheni 30 kwa saa moja hivi. New York feri ya Staten Island haitozi nauli na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Ukishuka, tembea. Chagua stesheni moja iwe kituo chako, zunguka mitaa ya jirani afu jitahidi kurudi bila simu, na simu yenyewe katikati ya majengo marefu inadanganya kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta, kile kinukta kinaruka mtaa wa pili.

Kwenye vivutio nina machache. Angalia siku za kufungwa, pale Paris makumbusho ya Louvre yanafungwa Jumanne na ya Orsay Jumatatu, hao ni majirani kabisa na bado watu wanagonga mlango uliofungwa. Nenda saa wanapofungua, chagua sehemu moja uione vizuri.

Usalama: ndani ya treni usishike simu ukiwa umesimama mlangoni, wanapora milango inapojifunga wewe unabaki ndani. Mtu anayekuja mwenyewe kukufunga kamba mkononi au kukupa karatasi usaini, pita tu bila kusimama. Anwani ya unapolala iandike kwenye karatasi, chaji huisha. Na ujue treni ya mwisho ni saa ngapi, New York zinatembea usiku kucha ila miji mingi zinasimama karibu na saa sita au saa saba za usiku.

Kama umehamia kabisa, basi eneo lako lipitie asubuhi, mchana na usiku, ni kama maeneo matatu tofauti, utajua wapi panajaa na wapi panakauka watu. Na ukiuliza njia waulize wanaofanya kazi barabarani, madereva wa basi, walinzi, wauza magazeti, na usiulize "iko wapi" tu, uliza "ungekuwa wewe ungepita wapi?", hapo ndo wanakupa ile njia wanayoitumia wenyewe. Ukifika mbele kidogo muulize na mwingine, wakikubaliana nenda, wakipishana simama kwenye kona usome majina ya mitaa yote miwili kabla hujaendelea.