Kupima msuguano kwa mizani ya samaki

Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia na daftari: "Mjomba, kilo na nyutoni si kitu kilekile?" Tukaliacha daftari mezani, tukashuka mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kuazima mizani ya kuning'iniza. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Vifaa. Sanduku la mbao, mawe, kamba, sakafu ya saruji iliyo sawa. Mizani iwe ya springi, yenye mshale. Za dijitali msiniletee. Nyingi hugandisha namba na hapa tunataka kuona namba ikicheza.

Hatua ya 2: Pima sanduku na mawe yake. Letu lilikuwa kilo 4. Hilo ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo, halibadiliki hata ulipeleke mwezini. Uzito ni kani, yaani nguvu, ya Dunia kulivuta sanduku, na hupimwa kwa nyutoni: kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.8, hivyo 4 × 9.8, yaani nyutoni 39.2. Huku kwetu karibu na Ikweta ni kama 9.78, ila mshale hautaiona tofauti hiyo.

Hatua ya 3: Funga kamba, vuta.

Hatua ya 4: Soma mshale. Hapa ndipo mara ya kwanza nilipopoteza mchana mzima, nikarudisha mizani kwa mwenyewe nikimlalamikia kuwa ni mbovu. Haikuwa mbovu.

Kwanza, ilaze mizani uone: mshale umeshuka chini ya sifuri, kwa sababu ilipangwa ndoano ikiwa inaning'inia. Irekebishe ikiwa imelala. Pili, kamba iende sambamba na sakafu. Ukivuta kwa juu unalibeba sanduku kidogo, na msuguano unapungua bila wewe kujua. Funga chini, karibu na kitako.

Tatu, na hili ndilo lililonitesa: mshale ulipanda hadi kilo 2.2, sanduku likachomoka, ukashuka hadi 1.6. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ni msuguano wa kitu kilichosimama, ya pili wa kitu kinachotembea. Wavuvi wanaopandisha mtumbwi mchangani wanalijua hili kwa mabega yao: ukishaanza kwenda, hawauachi usimame.

Nne, mwendo uwe wa kasi moja. Hapo mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) ni sifuri, hivyo kani yako na msuguano zinalingana. Ukilikurupusha, mshale unasoma msuguano pamoja na kani ya kuongeza kasi. Kwa mfano ukisoma 2.4 badala ya 1.6, ziada ya 0.8 mara 9.8 ni nyutoni 7.84, gawa kwa kilo 4, mchapuko ni 1.96, kanuni ya pili ya Newton hiyo: kani ni tungamo mara mchapuko.

Hatua ya 5: Gawanya msuguano wa kitu kinachotembea kwa uzito wa sanduku. Zote mbili tumezisoma kwa kilo, kwa hiyo 9.8 inajifuta: 1.6 ÷ 4 = 0.4. Hicho ndicho kizigeu cha msuguano wa sanduku na sakafu ile. Tulipoongeza mawe hadi kilo 8, mshale ulisoma 3.2. Bado 0.4.

Hatua ya 6: Mizani mbili. Ziunganishe ndoano kwa ndoano, kila mtu avute yake. Mpwa aliapa ya kwangu itasoma zaidi. Zote zikasoma 5: ukivuta kitu, nacho hukuvuta kwa kani ileile.

"Sasa Mjomba, kama sanduku nalo linanivuta sawasawa, mbona linasogea?"

Kwa sababu kani hiyo inakuvuta wewe, hailivuti sanduku. Ukitaka kujua sanduku litafanya nini, hesabu zinazoligusa lenyewe tu: kamba mbele, msuguano nyuma.

Akachukua chaki, akaichora mishale hiyo miwili ubavuni mwa sanduku.