Picha za kazi yako zimeibwa mtandaoni: fanya haya kabla hujapiga kelele

Mkufu wangu niliutambua kwa ushanga mmoja. Kwenye safu ya tatu kutoka chini kuna ushanga wa kijani uliokaa mahali pa bluu. Nilikuja kuuona nimeshafunga uzi, nikauacha. Usiku mmoja fundi mwenzangu akanitumia linki na maneno machache: “Dada, huu si mkufu wako?” Nikakuza picha. Ushanga wa kijani ulikuwa palepale. Duka nisilolijua lilikuwa likiuza kazi yangu kwa picha yangu, kwa chini ya nusu ya bei yangu, na wanunuzi walishaanza kulalamika kwamba wameletewa plastiki.

Nilimwandikia mwenye duka saa ileile, kwa hasira. Kulipokucha duka halikuwepo, na mimi sikuwa na skrinishoti hata moja. Baada ya siku chache picha zilezile zikarudi kwa jina jingine. Ndiyo maana mpangilio wa hatua hizi naushikilia sana.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi ukiwa umenyamaza

Usimwandikie mwizi, usiposti chochote. Fungua ukurasa wa kila bidhaa iliyoibwa na upige skrinishoti inayoonyesha anwani ya ukurasa, jina la muuzaji, bei na maoni ya wanunuzi. Nakili linki ya kila bidhaa peke yake, kwa sababu linki ya duka zima haitoshi kwenye malalamiko. Kisha weka anwani hizo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi nakala ya ukurasa pamoja na tarehe, bila malipo. Kurasa nyingine hukataa kuhifadhiwa, kwa hiyo skrinishoti zako zisikosekane.

Sasa geukia upande wako. Tafuta faili asilia, ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera au simu, maana ndani yake mna tarehe na aina ya kifaa kilichopiga. Picha iliyopitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa hizo. Na kama uliikata kingo kabla ya kuipakia, ile nzima ni hazina: wewe una kona ya meza na kivuli cha dirisha, mwizi hana. Weka pembeni pia picha nyingine za siku hiyo ambazo hukuzitumia.

Hatua ya 2: Jua hasa kilichoibwa

Hapa mafundi wengi hukosea, na kosa hilo hufanya malalamiko yakataliwe. Picha yako na maelezo uliyoyaandika vinalindwa na hakimiliki tangu ulipovitengeneza, bila kusajili popote. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na zaidi ya nchi 180. Lakini hakimiliki hailindi wazo wala mbinu. Mtu akisuka pete za masikio zinazofanana na zako, kwa mikono yake, akazipiga picha mwenyewe, huenda inauma lakini si lazima awe mwizi. Kunakili ubunifu wenyewe ni suala jingine, linalotegemea sheria za nchi na kama muundo ulisajiliwa; hapo muulize wakili. Kama picha ni yako, anza na picha. Ndiyo kesi rahisi kuithibitisha.

Hatua ya 3: Tafuta nakala nyingine

Ipitishe picha kwenye Google Lens, kisha TinEye, zana zinazotafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Wezi hupenda kuigeuza picha, kushoto kuwa kulia, ili isipatikane, kwa hiyo igeuze na wewe utafute tena. Yangu ilishawahi kugeuzwa: kifungo ninachokiweka kulia kilikuwa kushoto. Halafu chukua sentensi moja ya kipekee kutoka kwenye maelezo yako, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute.

Hatua ya 4: Peleka notisi ya kuondoa picha

Majukwaa mengi makubwa ni ya Marekani na hufuata utaratibu wa sheria yao ya hakimiliki ya 1998, DMCA, hata mlalamikaji akiwa nchi nyingine. Ingia ukurasa wao wa hakimiliki ujaze fomu. Maneno yawe machache na makavu:

“Mimi ndiye mwenye hakimiliki ya picha hii. Picha yangu iko hapa: [linki yako]. Imetumika bila ruhusa hapa: [linki yake]. Naamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayakuruhusiwa nami, wala na wakala wangu, wala na sheria. Maelezo haya ni sahihi, na nathibitisha, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba mimi ndiye mwenye haki hiyo.”

Malizia kwa jina lako halisi, mawasiliano na saini. Jina na mawasiliano hayo yanaweza kumfikia mshtakiwa, kwa hiyo tumia anwani ya biashara, usitoe ya nyumbani kama una njia nyingine. Duka likiwa na tovuti yake lenyewe, tafuta kwa WHOIS, kumbukumbu za wazi za usajili wa majina ya tovuti, dalili za kampuni inayoihifadhi, uipelekee notisi hiyo.

Mshtakiwa anaweza kuweka pingamizi. Kwa sheria hiyo, usipofungua kesi mahakamani, jukwaa linaweza kuirudisha bidhaa yake baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Ushahidi wa hatua ya 1 ndio utakaompa wakili pa kuanzia.

Hatua ya 5: Waite wenzako, na uwape kazi

Malalamiko ya hakimiliki hupelekwa na mwenye kazi au mtu aliyemruhusu. Marafiki 30 wakiripoti picha yako, hawakusaidii. Lakini mwizi wa picha ni nadra kumwibia mtu mmoja. Waombe wenzako wapitie duka lote, picha baada ya picha, na kila watakayemtambua wampelekee linki faraghani. Tulipofanya hivyo tulikuta vikapu vya mmoja wetu, vitambaa vya mwingine, na wanasesere wa fundi ambaye hatukuwahi kuzungumza naye. Kila mmoja akapeleka notisi yake. Sheria ileile ya 1998 inayataka majukwaa yawe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia kosa, na notisi za kweli kutoka kwa wamiliki tofauti zina uzito kuliko kelele yoyote.

Ujumbe wa kumpelekea mwenzako unaweza kuwa hivi: “Pole ndugu yangu. Nimeona picha inayofanana na yako hapa: [linki]. Skrinishoti ninazo. Usimwandikie kwanza, ukiwa tayari nitakusaidia kujaza fomu.” Pole hiyo msiiruke. Kuona kazi uliyoikeshea ikiuzwa na mtu mwingine kunavunja moyo, na kuna mafundi walioacha kuuza kabisa kwa sababu siku hiyo hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza.

Msiandike maoni ya uongo ya wanunuzi, msisambaze anwani ya mtu. Mkikosea mtu mtakuwa mmemwumiza asiye na hatia, na jukwaa linaweza kuwafungia ninyi.

Hatua ya 6: Punguza nafasi ya kuibiwa tena

Jina la duka lipite katikati ya kazi, kwa rangi hafifu. Likiwa pembeni hukatwa. Pakia picha ndogo kuliko ile asilia. Gawaneni ulinzi: mimi na fundi yule aliyenitumia linki tunatafutiana kila mwanzo wa mwezi, yeye picha zangu, mimi zake, kwa sababu jicho la pili huona upesi.

Na siku hizi kila mkufu naupa ushanga mmoja uliokaa pasipo pake. Naupiga picha kwa karibu, na picha hiyo siipakii popote.