Kumpa shughuli mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: mwanzishie kazi

Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau, huu ni mwaka wa 4. Wiki iliyopita nilikaa na jirani ambaye baba yake ameanza dalili zilezile, ndipo nikaamua kuandika. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Hajarogwa na hafanyi makusudi. Akishinda bila shughuli atahangaika na kutafuta mlango.

Hatua ya 1: Tafuta kazi ambayo mikono yake inaijua

Mikono hukawia kusahau. Mama alisuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, tangu utotoni, tukaanzia hapo. Aliyekuwa mvuvi mpe kamba afunge mafundo. Midoli siipendi kabisa: mtu mzima anajua akifanywa mtoto, hata kama jina lako limemtoka.

Hatua ya 2: Andaa mahali

Jamvi, mwanga wa kutosha, televisheni izimwe. Kama ni kuchambua mchele, tumia ungo. Kwenye sinia jeupe hauoni. Maharage mabichi usimpe kama hutia vitu mdomoni: humpalia, na yale mekundu yakiwa mabichi yana sumu.

Hatua ya 3: Mwanzishie

Hapa nilipoteza miezi. Kila asubuhi nilimwekea chane za ukindu nikamwambia, "Mama, leo suka kidogo." Anazitazama, anazisukuma, siku nyingine ananifokea. Nikaamini kusuka kumemtoka.

Siku moja shangazi alikuja kumjulia hali. Akaketi ubavuni mwake, akaanza ukili mwenyewe mpaka ukafika urefu wa kiganja, kisha akamnyooshea: "Wifi, hebu nishikie hapa." Mama akapokea, na vidole vikaendelea. Kumbe kusuka anakujua. Kilichompotea ni kuanza.

Tangu hapo nafanya hivi. Nakaa kando yake, naanza kimya, namkabidhi akiwa ananitazama. Nasema sentensi moja tu, tena ya kuomba msaada: "Mama, nisaidie." Simwulizi "unataka kufanya nini?", maana kuchagua ni kazi nzito kwake. Kisha nangoja, nahesabu moyoni mpaka 10 polepole. Zamani nilikuwa narudia maneno haraka, naye analazimika kuanza kuyafikiri upya. Akikataa naondoa ukili bila neno, najaribu tena baada ya nusu saa. Akiishia njiani simwambii "endelea". Nashika, nasuka kidogo, namrudishia. Siku nyingine anasuka dakika 10, siku nyingine saa nzima. Ila akibadilika ghafla, jana anasuka leo amelegea na haelewi lolote, mpeleke hospitali: mara nyingi kwa wazee ni maambukizi, kama ya mkojo.

Hatua ya 4: Usimsahihishe

Ukili ukipinda, uache. Naufumua usiku akishalala.

Hatua ya 5: Alasiri

Kuanzia saa 10 jioni Mama husema, "Nataka kwenda kwetu." Usimbishie kwamba hapa ndipo kwao. Washa taa kabla giza halijaingia, mwulize habari za kwao, mwache asimulie, kisha mpe kanga za kukunja. Saa hizo kanga zinashinda ukili, kwa sababu ukikunja moja mbele yake ukamkabidhi ya pili, tayari ameshaanza. Mama hukunja kanga 8. Nazipeleka chumbani, nazikunjua, nazirudisha, mpaka magharibi iadhiniwe.