Jinsi ya Kuomba Ubunge wa Viti Maalum Tanzania

Mwanamke anayetaka ubunge wa Viti Maalum hachukui fomu ya jimbo wala hapigiwi kura na wananchi moja kwa moja. Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa kundi hili wasipungue asilimia 30 ya wabunge wanaotajwa humo, na mlango wa kuingilia ni mmoja tu, yaani chama cha siasa.

Kwanza hakikisha una sifa za Ibara ya 67: uwe raia wa Tanzania uliyetimiza miaka 21, unayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na mwanachama uliyependekezwa na chama chako. Kadi yako iwe hai; ada iliyolala miaka miwili humpa mpinzani wako hoja ya bure siku ya mchujo.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote. Chama kinapotangaza ratiba, chukua fomu katika ofisi kinayoielekeza, uijaze kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako cha taifa, uirejeshe kabla ya saa ya mwisho na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndani ya CCM kinyang'anyiro hiki hupitia UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, ambako wajumbe wa mkoa hupiga kura kabla ya vikao vya juu kuamua. Vyama vingine vina taratibu zao, nawe omba kanuni zao kwa maandishi badala ya kutegemea maneno ya ukumbini.

Ulizia hasa jina lako limekaa nafasi ya ngapi. Chama huwasilisha orodha kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwa mpangilio wa kipaumbele, na chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge hugawiwa viti kwa uwiano wa kura hizo. Chama kikipata viti 8, wa tisa hubaki nje, hata kama mkoani kwake aliongoza kwa mbali.

Wa tisa huyo asikate tamaa, kwa kuwa orodha hiyo hiyo hutumika kujaza nafasi inayoachwa wazi katikati ya muhula. Ila Ibara ya 71 humvua ubunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kwa hiyo ada iendelee kulipwa hata baada ya matokeo.